Kupanga muda ukisoma sanaa Mwanza: anza na rangi, udongo na mwanga

Mwanafunzi wa sheria aliyepoteza wiki nzima anaweza kujifungia siku mbili na madesa yake akafidia sehemu kubwa ya alichokosa. Anayesoma sanaa hana njia hiyo. Rangi ya mafuta haikauki upesi eti kwa sababu kesho ni siku ya kukabidhi, na udongo mbichi ukilazimishwa kuingia tanurini unapasuka. Ndiyo maana zile ratiba nzuri za kuigawa siku vipande vya saa moja moja huwashinda wanafunzi wa sanaa kabla wiki ya tatu haijaisha, na wengi hujilaumu kuwa ni wavivu. Si uvivu. Ratiba hizo zinahesabu muda wa mtu peke yake, ilhali studio ina wenye muda wengine: rangi, udongo, nta, gundi, tanuri na jua.

Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu wanalijua hili vizuri kuliko wengi wetu. Dagaa hufuata taa, kwa hiyo wavuvi hutoka usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, na wengi hukaa nchi kavu wakitengeneza nyavu. Wanaangalia mwezi kwanza, kisha wanapanga usingizi wao. Nami naomba ufanye hivyo hivyo: jua kwanza vitu unavyovitumia vinataka muda gani, halafu panga siku zako kuvizunguka. Nimeandika haya kwa anayesoma uchoraji, ufinyanzi, uchongaji, batiki au uchapaji hapa Mwanza, awe kwenye ualimu wa sanaa pale Butimba, awe chuo cha ufundi, au awe nyumbani Igoma akiandaa jalada la kazi za kuombea chuo.

Hatua ya 1: Jua kozi inakudai kiasi gani

Vyuo vya elimu ya juu nchini huhesabu krediti 1 kuwa saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi: vipindi, studio, kusoma na kujiandaa. Mwaka una krediti 120, kwa hiyo muhula mmoja ni krediti 60, yaani saa 600. Zigawanye kwa wiki 15 za masomo upate saa 40 kwa wiki. Hiyo ni kazi kamili ya ofisini, bila safari na bila kupika.

Sasa shuka somo kwa somo. Somo la studio la krediti 12 linadai saa 120, sawa na saa 8 kila wiki. Kama kwenye ratiba ya chuo umeandikiwa saa 4 tu za somo hilo, basi saa 4 nyingine ni zako kuzitafuta, na zisipokuwa na siku wala mahali zitakufuata wiki ya 13. Andika kila somo, krediti zake, saa zilizomo kwenye ratiba na saa zilizobaki. Karatasi moja inatosha.

Kisha, kwa wiki moja tu, andika muda halisi unaotumia kwenye kazi: ulianza lini, ulimaliza lini, ulifanya nini. Usijisahihishe, andika tu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya watu kukadiria kazi zao kwa muda mfupi kuliko unaohitajika, na wanaendelea kufanya hivyo hata wakikumbuka kwamba kazi zilizopita zilichelewa. Dawa yake ni kumbukumbu iliyoandikwa. Kama kutengeneza fremu, kuvuta kitambaa na kupaka jeso (ile rangi nyeupe ya kuandalia kitambaa) kulikuchukua jioni tatu mara ya mwisho, panga jioni tatu tena. Kwa kazi ambayo hujawahi kuifanya, chukua makadirio yako na uyazidishe kwa mbili.

Hatua ya 2: Andika muda wa kila kitu unachotumia

Hapa ndipo pa kukaa. Chukua ukurasa wa mwisho wa daftari la michoro, uandike vifaa vyako vyote na muda vinaodai bila wewe kuvigusa.

Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kutoka. Mafuta yenyewe huungana na oksijeni ya hewani polepole. Tabaka jembamba hukauka kiasi cha kugusika kwa siku chache, tabaka nene laweza kupita wiki mbili. Rangi nazo hazifanani: zile za asili ya udongo, hasa kahawia iitwayo amba, hukauka haraka, wakati nyeusi nyingi na baadhi ya nyekundu huchelewa. Kwa hiyo tabaka la kwanza lipake kwa amba nyembamba, na yenye mafuta mengi ije juu. Ukigeuza mpango huo, juu kutakauka kabla ya chini na picha itaanza kupasuka. Vanishi ya mwisho isahau kabisa kwa kazi ya muhula, maana kwa desturi husubiri miezi sita au zaidi.

Akriliki na emalshani hukauka maji yakitoka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Zinaokoa muda wa kusubiri, lakini zinakudai uwe tayari: ukiacha brashi mezani uende kuchukua chai, umeipoteza. Rangi ya mafuta ya dukani, ile ya kupakia milango na baiskeli, iko katikati, inahitaji usiku mmoja hivi. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi ya aina hiyo juu ya hadibodi na kuanzisha mtindo mzima. Mwanafunzi anayesubiri rangi za bei kubwa zifike ndipo aanze kazi ajue kwamba mlango huo umekuwa wazi siku zote.

Udongo ndio mkali zaidi. Kichwa au chungu chenye ukuta wa sentimita 2 kinahitaji wiki moja hadi mbili kukauka, na kikauke taratibu: siku za mwanzo kifunikwe nailoni, kisha nailoni ilegezwe kidogo kidogo. Usikianike juani ili kuwahi. Upande wa jua utasinyaa kabla ya mwingine na ufa utatokea shingoni au kwenye mpini. Tanurini nako kuna mambo yake. Maji yaliyobaki lazima yatoke polepole joto likikaribia nyuzi 100, na karibu na nyuzi 573 mchanga ulio ndani ya udongo hubadilika umbo ghafla, kwa hiyo hapo moto haupandishwi wala haushushwi kwa pupa. Uchomaji wa kwanza hufika nyuzi 900 hadi 1000. Hesabu siku nzima ya kuchoma na siku nzima, au zaidi, ya kupoa. Anayefungua tanuri la moto kwa haraka anaharibu kazi yake na ya wenzake.

Batiki ya rangi tatu ina angalau vipindi vitatu vya kukausha, kwa sababu baada ya kila rangi kitambaa husuuzwa, huanikwa kivulini, ndipo nta ipakwe tena. Skrini ya kuchapia ikishapakwa dawa hukaushwa gizani kabla ya kupigwa mwanga, ikaoshwa, ikakaushwa tena. Tenga nusu siku kabla ya kuchapa fulana hata moja. Plasta ya Parisi hushika ndani ya nusu saa hivi, ila kalibu iliyotengenezwa kwa plasta hiyo huhitaji siku kadhaa kukauka ndipo uitumie. Mbao inunuliwe mapema na ikae ndani, mbichi itapasuka ukiwa nusu ya kuchonga.

Na mvua iingie kwenye hesabu. Mihula yote miwili ya vyuo vyetu huangukia msimu wa mvua: ule unaoanza Oktoba au Novemba hupokelewa na vuli, na wa pili, unaoanza karibu na Machi, huingia moja kwa moja kwenye masika. Hewa ikiwa na unyevu mwingi udongo na nguo huchelewa sana. Wakati huo naongeza nusu ya muda niliouzoea, na sijawahi kujutia nyongeza hiyo.

Hatua ya 3: Hesabu kuanzia siku ya kukabidhi kurudi nyuma

Tuchukue mfano wa kichwa cha udongo kinachotakiwa Ijumaa ya wiki ya 12. Wengi huona wana wiki 12. Rudi nyuma uone.

Kukifunga kwenye kitako na kukisafisha kunahitaji siku mbili, kwa hiyo kitoke tanurini kabla ya Jumatano ya wiki ya 12. Kuchoma na kupoa ni siku mbili au tatu, lakini tanuri ni moja na darasa zima litataka kuchoma wiki hiyo hiyo, kwa hiyo jipe wiki nzima ya foleni: kazi ifike kwa msimamizi wa tanuri, ikiwa kavu kabisa, mwanzoni mwa wiki ya 11. Kukauka ni wiki mbili. Maana yake kufinyanga na kukomba ndani kuishe Ijumaa ya wiki ya 8. Kufinyanga chenyewe kukipewa wiki tatu, unaanza wiki ya 6, na michoro ya maandalizi, vipimo na mfano mdogo viwe tayari wiki ya 5.

Siku yako halisi ya mwisho, basi, ni Ijumaa ya wiki ya 8. Iandike hiyo kwa herufi kubwa ukutani. Ya wiki ya 12 iandike ndogo.

Fanya hivyo kwa kila kazi ya muhula siku unapopewa maelezo, kabla hujachora mstari. Weka tarehe zote kwenye karatasi moja yenye wiki zote 15. Utaona mara moja mahali ambapo tarehe halisi za masomo mawili zinagongana, na hapo ndipo pa kwenda kumwona mwalimu, mapema, ukiwa na karatasi mkononi. Mwanafunzi anayeomba ushauri wiki ya 3 husikilizwa tofauti na anayeomba huruma wiki ya 12.

Hatua ya 4: Kazi tatu kwa zamu

Ukishajua kwamba kila kazi ina siku za kusubiri, usizipoteze siku hizo ukiitazama ikikauka. Kuwa na kazi tatu zilizo katika hatua tofauti: moja inaanza, moja iko katikati, moja inakaribia kuisha. Jumatatu unapaka tabaka la pili la picha ya kwanza. Jumanne na Jumatano hiyo inakauka, wewe uko kwenye udongo. Alhamisi udongo umefunikwa, unapaka jeso kwenye kanvasi ya tatu. Ijumaa unarudi kwenye picha ya kwanza na jicho jipya.

Jicho jipya ndilo faida kubwa kuliko hata muda. Picha uliyoigeuzia ukutani siku mbili hukuonyesha makosa yake ukiigeuza tena. Ukikosa siku mbili, itazame kwenye kioo: bega lililopinda na jicho lililo juu kuliko mwenzake huonekana papo hapo.

Zisizidi tatu. Nimeona studio ambamo mtu ana kazi saba zilizoanzwa na hakuna inayosogea, kwa sababu kila akiingia anachagua ile isiyo na tatizo leo.

Na kila unapomaliza kipindi cha studio, tenga dakika 15 za mwisho. Osha brashi, funika udongo, kisha andika mstari mmoja kwenye kikaratasi ubandike nyuma ya kazi: "Anza na kivuli chini ya kidevu, kipoe zaidi." Ukirudi baada ya siku tatu hutapoteza saa nzima ukijiuliza ulikuwa unafikiria nini.

Hatua ya 5: Ramani ya mwanga

Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Mchana wetu una takriban saa 12 mwaka mzima, jioni haina subira, na jua likizama giza linaingia ndani ya nusu saa. Jua huchomoza takriban kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, na huwa juu kabisa karibu saa 6:45 mchana. Kwa anayechagua rangi kwa macho, mwanga wa kuaminika ndani ya chumba ni kama saa 9 kwa siku. Kwa hiyo kuchanganya rangi na kuchora mfano wa mtu kuwe mchana. Kukata mbao, kuvuta kitambaa, kupaka jeso, kuchora kwa penseli, kusoma na kuandika insha kuwe usiku. Chini ya taa ya njano utaona bluu yako imezimika na njano yako imekuwa nyeupe, utaisahihisha, na asubuhi utakuta umeiharibu.

Kuhusu dirisha: vitabu vya uchoraji vya Ulaya husema studio ielekee kaskazini, kwa sababu huko jua la mchana hukaa kusini. Kwetu ushauri huo ni nusu. Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Machi jua la mchana linapita upande wa kusini, kwa hiyo dirisha la kaskazini ndilo lenye mwanga uliotulia. Kuanzia hapo hadi mwishoni mwa Septemba jua huhamia kaskazini, na dirisha la kusini ndilo la kukaa. Muhula wa kwanza keti kaskazini, muhula wa pili hamisha easeli yako, yaani kile kiegemeo cha picha. Ni dakika tano za kazi, na zinakuondolea ule usumbufu wa jua kukatiza juu ya kanvasi kila siku.

Nje, kumbuka jua linasogea nyuzi 15 kila saa. Baada ya saa mbili vivuli ulivyoanza navyo havipo tena. Kwa hiyo mchoro wa nje upewe kipindi cha saa mbili, ukibaki urudi kesho yake saa ile ile. Jiwe la Bismarck ukilichora asubuhi kutoka ufukweni, jua liko mgongoni mwako na unaona nyufa na rangi za mawe; jioni jua liko nyuma yake na unapata umbo jeusi tu. Vyote viwili ni vizuri, ila ni picha mbili tofauti, zipange siku mbili tofauti. Soko la samaki la Kirumba Mwaloni nenda asubuhi mapema, watu wanapopakua na kuanika, na uombe ruhusa kabla ya kumchora mtu. "Shikamoo mama, mimi mwanafunzi wa sanaa, naomba nikuchore ukiendelea na kazi yako." Akikataa, shukuru usogee.

Safari ya utafiti, kama ya kwenda makumbusho ya Bujora pale Kisesa, penye ngoma za kale, mavazi, na kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, haiwezi kubanwa kati ya vipindi. Ipe siku nzima, na iwe ndani ya wiki tano za kwanza. Michoro utakayorudi nayo wiki ya 4 inaingia kwenye kazi; ya wiki ya 11 inabaki daftarini.

Hatua ya 6: Vipande virefu na vipande vifupi

Kuna njia maarufu ya kufanya kazi dakika 25 na kupumzika dakika 5, aliyoibuni Mwitaliano Francesco Cirillo miaka ya 1980. Kwa kusoma historia ya sanaa au kuandika insha inafaa sana. Kwa uchoraji sikushauri. Kupanga rangi, kutazama, kupata uwiano, hayo pekee yanakula dakika 20, na kengele inalia ndipo mkono unaanza kusikia. Studio inataka kipande cha saa tatu kisichokatwa, na wiki nzuri ina vipande vinne au vitano vya namna hiyo. Vitafute kwenye ratiba yako kabla ya kitu kingine chochote, uvizungushie mstari, na simu iwe ndani ya begi. Picha unazozihitaji kama mfano zichapishe au zikae kwenye folda moja, usilazimike kupita kwenye ujumbe wa watu kuzifikia.

Vipande vifupi navyo vina kazi yake. Daladala ya kutoka Buhongwa au Igoma ikikwama barabarani, daftari dogo na kalamu ya wino vinatosha: mikono iliyoshika bomba, kisogo cha dereva, mzigo wa muuza nyanya. Ukipanda kivuko una mwanga mzuri na watu waliotulia. Sehemu kubwa ya kazi za kila wiki za michoro ya haraka inaweza kukamilika njiani, na studio ikabaki kwa yale yanayohitaji meza.

Manunuzi yafanye mara moja kila wiki mbili, kwa orodha. Marekani ya kanvasi, misumari, emalshani, hadibodi, gundi na nta vinapatikana mjini, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na kuzunguka Makoroboi. Kutoka mara tano kwa vitu vitano kunakula siku nzima kwa mafungu. Rangi maalumu za kuagiza Dar es Salaam kwa basi ziagize wiki ya 1. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, lisipotoka, changieni na mwenzako tyubu moja ya nyeupe.

Wateja, ndugu na jamaa

Wengi wetu tunajilipia sehemu ya masomo kwa mabango ya maduka, fulana, picha za harusi, picha za wazazi waliotangulia. Sitakuambia uache. Nakuambia ziwekee mahali. Pokea kazi hizo wiki ya 1 hadi ya 6, chukua nusu ya malipo kabla ya kuanza, na baada ya hapo mpe mteja tarehe iliyo baada ya kukabidhi. "Kaka, kazi yako naitaka, ila nitaianza mtihani ukiisha, ukiharakisha sana nitakuunganisha na mwenzangu." Mteja anayekuheshimu atasubiri, na mwenzako aliyepata kazi hiyo atakukumbuka.

Nyumbani ni kugumu zaidi, kwa sababu kwa macho ya wengi kuchora si kusoma. Unaonekana umekaa unatazama kitambaa, unatumwa dukani. Usigombane, eleza kwa vitendo. Mwonyeshe mama mdogo udongo uliofunikwa, mwambie: "Mama mdogo, huu nikiuacha leo unapasuka, na ndio mtihani wangu. Jumamosi nitakuja saa 10 jioni kupika na kuosha." Kisha fika saa 10. Ukitimiza ahadi mara mbili tatu, asubuhi zako zitaheshimiwa. Msiba hauna ratiba, unaenda. Ndiyo sababu nyingine ya kuacha zile siku za foleni kwenye mpango wako.

Kukesha

Studio ina heshima fulani kwa anayekesha, na heshima hiyo imeharibu kazi nyingi. Asiyelala huchagua rangi vibaya, hukata kidole, hugusa kostiki soda ya batiki bila glavu. Ukikesha, kesha kwa kazi ya penseli au ya maandishi, na usiku mmoja tu. Moto wa tanuri ukihitaji mtu wa kuulinda usiku, pangeni zamu darasani watu wawili wawili, na kila zamu ilale kesho yake mchana.

Insha ya nadharia, kwa kweli, inataka jambo moja: aya moja kila jioni kuanzia wiki ya 2, wakati mwanga umeisha na mikono imechoka.

Ukishachelewa tayari

Usiongeze kasi kwanza. Kaa chini na ile karatasi ya wiki 15. Angalia ni hatua gani za kukauka zimebaki, maana hizo hazipunguziki. Kinachopunguzika ni ukubwa. Picha ya sentimita 90 kwa 120 ina eneo mara nne ya ile ya 45 kwa 60. Ndogo iliyokamilika matabaka yake hupata alama zaidi kuliko kubwa iliyokwama kwenye la kwanza. Kinachopunguzika pia ni idadi ya rangi kwenye batiki au skrini: rangi mbili zilizofikiriwa zinabeba kazi. Unaweza kubadili kifaa, mafuta kwenda akriliki, ukimwambia mwalimu kabla. Mwendee na mpango ulioandikwa: hiki kitakamilika Jumanne, hiki nitakikabidhi kikiwa bado hakijachomwa, hiki naomba wiki moja. Wengi wao wamewahi kupasukiwa na kazi tanurini, na ukiwa mkweli watakusaidia kuchagua. Usikope saa za somo ambalo linaenda vizuri ukalizamisha nalo, sapu (mtihani wa marudio) moja ni nafuu kuliko mbili.

Siku ya kukabidhi

Kazi iwe imekauka siku mbili kabla. Kanvasi mbili za ukubwa mmoja zigeuzie uso kwa uso, katikati weka vipande vidogo vya mbao pembeni zisigusane, funga kamba. Daladala ya asubuhi haina nafasi ya kanvasi. Changishaneni watatu mchukue bajaji, na karatasi ya nailoni iwe juu hata kama anga ni jeupe. Udongo uliochomwa ufungwe kwa magazeti ndani ya sanduku, ukae mapajani kwako, usiwekwe nyuma. Lebo iandikwe nyumbani: jina, namba ya usajili, jina la kazi, vifaa, vipimo, mwaka. Beba kulabu, nyundo ndogo na kitambaa kisafi, kwa kuwa ukumbini vitagombaniwa. Na kabla kazi haijatoka kwenye chumba chako, ipige picha mchana, kivulini, simu ikiwa imenyooka mbele yake, kwanza nzima kisha sehemu mbili za karibu, uzihifadhi mahali pawili.